Kisu Mbele ya Baba Mkwe

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikata kucha za miguu kwa kisu, akakifuta kwenye kaptula, akamenyea chungwa kwa kisu hichohicho, halafu akanipa kipande. Ndani ya mtumbwi wangu. Kipande nikakitupa ziwani.

"Shemeji bwana, unaringa kama padri," akacheka.

Mimi siringi. Nimeishia darasa la pili, nimekula ugali wa muhogo wenye ukungu, nimelala juu ya magunia ya dagaa. Lakini kinyaa ninacho, na ndicho kimenifanya nikawa mtu wa maana wakati wasio na kinyaa wamebaki palepale.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa Ikola, nabeba dagaa wakavu kutoka kambi za wavuvi kwa mtumbwi wa tanga. Mashine sikuwa nayo. Tanga nililishona mwenyewe kwa mifuko ya sandarusi. Sasa, mtu wa mashine upepo ukimzidi anazima. Mtu wa tanga anaachia kamba. Kamba ikikwama, tanga linazidi kujaa, mtumbwi unalala ubavu, maji yanaingia, na hapo dawa ni moja tu, kuikata. Huna nafasi ya kuuliza kisu kiko wapi.

Ukiwauliza watu wa Ikola, kila mmoja anakwambia kisu anacho. Kweli, anacho. Kimelala chini ya magunia, kimeganda utumbo wa samaki na magamba. Mwingine anakwangulia lami. Mwingine amemwachia mke amenyee viazi. Kitu cha kukuokoa roho, ukikinusa unataka kutapika! Na hao ndio walikuwa wananicheka mimi.

Nilipanda lori mpaka Mpanda, nikaenda Majengo kutafuta kisu. Mwenye duka akanitolea cha kukunja, kinang'aa kama kioo.

"Hiki kina mpaka cha kufungulia soda, mzee."

"Ziwani kuna soda?"

Nikaomba maji, nikalowanisha mkono mmoja, nikajaribu kukikunjua. Ukucha ukateleza. Nikarudia, ukateleza tena.

"Tumia mikono miwili," akasema.

"Na kafi nilishike kwa meno?" Maana usukani wetu ni kafi, ukiliachia mtumbwi unakwenda unakotaka wenyewe.

Shemeji, ambaye nilikuwa naye, akakinunua hichohicho kwa sababu kinang'aa. Ndicho hicho cha kucha.

Cha kwangu nilikwenda kwa mhunzi, akanitolea kwenye kipande cha msumeno wa mbao. Kifupi, makali yake urefu wa kiganja, hakikunjwi. Ncha nikamwambia aikate.

"Kisu bila ncha si kijiko hicho?"

"Mtumbwi ukirukaruka, ncha haijui kamba ni ipi na tumbo ni lipi. Kata."

Nusu ya makali nikamwambia apige meno kwa tupa, kwa sababu kamba ya nailoni ikilowa inateleza kwenye makali laini. Mpini nikauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ala nayo ya mpira, inabana, ukivuta kwa nguvu kinatoka, usipovuta hakitoki hata upinduke. Mkanda nikauvaa mshazari, kisu kikakaa kifuani, mkono wa kulia unakifikia na wa kushoto unakifikia. Na nikakifunga kwa kamba nyembamba urefu wa mkono ili kisizame. Sheria yangu ikawa moja. Kisu hiki hakikati samaki, hakikati ugali, hakikati chochote isipokuwa kamba.

Basi, mwaka mmoja mvua zilikata barabara ya Karema, na huko Karema akafariki dada wa baba mkwe wangu. Baba mkwe alikuwa mkulima wa Sibwesa, mtu wa mahindi na mihogo, maji anayajua ya kuoga. Akaja Ikola kwa miguu nimpeleke mazikoni.

Kwetu kuna mila. Mkwilima, yaani mwanamume aliyeoa binti yako, hasimami mbele yako na kisu kinaonekana. Ni kama anakwambia atakuchinja. Na mwili wako haugusi. Hata nyama ikiletwa na kisu juu yake, kisu kinafunikwa kitambaa kwanza.

Mzee akafika ufukweni na koti lake na fimbo, akaniona kifua. Akasimama mbali.

"Shikamoo, baba."

Shemeji naye alikuwa pale, tayari kusafiri nasi. Akamgeukia mwanawe. "Mwambie huyo mkwilima, shikamoo yake siisikii. Naona kisu tu."

Mke wangu alikuja kutusindikiza. Akanivuta pembeni. "Kivue, mume wangu. Kiweke chini ya gunia. Safari yenyewe ya asubuhi moja."

"Kikikaa chini ya gunia kitaokoa gunia. Baba yako nitamfikisha amenuna lakini mzima. Au unataka nimfikishe ameridhika, maiti?"

Akaziba mdomo asicheke. Mzee akapanda, maana marehemu hasubiri. Lakini ili asikione kisu akanipa mgongo, akakaa pale ambapo hakai mtu, miguu yake katikati ya kamba ya tanga niliyoikunja.

Nikamwambia shemeji, "Mwambie baba atoe mguu kwenye kamba."

"Baba, anasema utoe mguu kwenye kamba."

"Mwambie mguu ni wangu."

Mambo gani haya! Watu watatu kwenye mtumbwi mmoja, magoti yanagusana, na bado tunatumiana salamu kama tuko wilaya mbili.

Tulipopita rasi, upepo ukashuka ghafla kutoka milimani. Nikaachia kamba. Kamba ikakimbia, ikapiga kitanzi kwenye muundi wa mzee, ikakaza. Tanga likajaa. Mtumbwi ukalala, maji yakaingia kwa ubavu, na mzee akawa anavutwa kwenda ziwani, ameng'ang'ania ubao wa kukalia.

Shemeji akatoa kisu chake kinachong'aa. Akajaribu kwa ukucha, akajaribu kwa meno. Kutu na maji ya machungwa vimekishika.

"Kimegoma! Shemeji, kimegoma!"

Nikaacha kafi. Nikamkamata mzee mguu chini ya goti, nikapitisha kisu kati ya kamba na ngozi.

"Mwambie aniachie mguu!" mzee akapiga kelele. Maji yamemfika kifuani na bado ananitumia mjumbe.

Hakuna aliyeniambia. Nikavuta mara mbili, kamba ikakatika, tanga likaruka hewani likipigapiga kama nguo zilizoanikwa, mtumbwi ukainuka. Ngozi ya mzee haikutoka hata tone la damu. Ncha butu hiyo, ile ya kijiko.

Shemeji akaanza kuyachota maji kwa sufuria. Mzee akawa anakamua koti linalochuruzika. Nikadhani anatafuta neno la kunishukuru. Akamgeukia mwanawe.

"Umeona? Amenishika mguu."

Tulipiga kafi mpaka Karema, tukawahi mazishi. Matanga yalipoisha nikaitwa Sibwesa mbele ya wazee wao.

"Mkwe wako ulimshika mguu, hukumshika?"

"Nilimshika."

"Na kisu kilikuwa wazi?"

"Kisu kikiwa kwenye ala hakikati kamba, wazee wangu."

Mmoja akakohoa kuficha kicheko. Lakini hukumu ilikuwa imeshapikwa kabla sijafika. Mbuzi mmoja, wa kumsafisha mzee. Mtu amekaa mbele yangu, anapumua, anatia ugoro puani, na nalipa mbuzi kwa sababu anapumua! Nilitamani kutema mate katikati yao. Mbuzi nikamtoa, ili mke wangu asifungiwe mlango wa kwao.

Kufika kuchinja, wakatazama kifua changu. Siku hiyo nilikuwa nacho chini ya shati, na wote walikuwa wanajua.

"Si utoe hicho chako, shemeji," akasema shemeji. "Kimeshaonja mguu wa baba, kionje na mbuzi."

Wakacheka wote, mpaka mzee.

"Hiki hakikati nyama," nikasema.

"Basi nyie subirini." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile cha kukunja. Alikuwa amekipiga mafuta ya taa, sasa kinakunjuka. Kwenye maungio niliona bado kuna weusi.

Akachinja, akachuna, akakata maini, kwa kisu kile. Mzee akapewa maini ya kwanza, akatafuna amefumba macho. Akamaliza, akaomba kile kisu, akachokonolea meno. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Ikola, akasema na mimi mwenyewe, bila mjumbe.

"Kula, mkwilima. Mambo yameisha."

"Nimeshiba, baba."

Kisu kile nilijua kilikata kucha za nani. Lakini walinitoza mbuzi, hawakunitoza maneno. Nikawatazama wakilamba vidole mpaka sufuria likaisha.