Mgeni wa Mkeka Wangu

Juzi nimerudi Bunda likizo, nikakuta maduka ya sokoni yamejaa sabuni. Za mche, za vipande, za kunukia, nyingine zimefungwa karatasi yenye picha ya mwanamke anacheka. Nilisimama nikizinusa mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nala harufu. Sikumjibu. Mimi sijibugi watu haraka, wewe unanijua. Nilikuwa nimekumbuka majani ya mpapai.

Maana wakati ule, niko darasa la tano na nakaa kwa bibi, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Duka la kaya, lile la mgawo, lilikuwa na kaunta na muuzaji, basi, sabuni hakuna. Unga ulikuwa wa njano, ule wa msaada, ugali wake ukipoa unanuka gunia, tunausukumia na samaki furu wa kuchoma. Asubuhi nachota maji, jioni napeta mtama. Siku yangu nzuri ilikuwa Alhamisi, jumuiya ikija kusali kwa bibi, na mimi natandika mikeka uani.

Kwenye jumuiya kulikuwa na zamu. Zamu ya kufagia kanisa, zamu ya kuchota maji ya kanisani, zamu ya kumwona mzee asiyetoka kitandani. Bibi alizishika zote kichwani. Alikuwa akisema mtu akishapewa zamu amekuwa wetu, kwa sababu asipotokea, jioni ileile kuna atakayempigia hodi. Lakini zamu hujiombei. Mgeni alisimamiwa na mtu aliyeketi naye mkeka mmoja. Mwisho wa sala katekista anauliza, "Tuna mgeni?" Wewe unasimama, unataja jina lake, anakokaa na anachoweza. Asiyesimamiwa tulijua ni wa kupita tu. Tunamsalimia, yanaishia hapo.

Alhamisi moja akaingia mwanamke na mtoto mgongoni, akaangalia pa kukaa, akaja kwenye mkeka wangu. Alikuwa ametoka kijiji cha Buswahili. Mume wake alikwenda kuvua samaki huko Murangi akaoa hukohuko, naye akapanga chumba karibu na soko, kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu. Mtoto alinishika kidole, hataki kuachia. Katikati ya rozari yule mama akaniinamia.

"Mdogo wangu, uwaambie mimi naweza kufagia. Ninaamkaga mapema."

Katekista akauliza kama tuna mgeni.

Nitakwambia ukweli, kwa sababu kukuandikia ni rahisi kuliko kusema. Niliona sauti itatoka kama ya mbuzi, watu wacheke, kama walivyocheka darasani siku niliyosomeshwa kwa sauti. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Katekista akangoja kidogo, akaendelea na baraka. Yule mama akamweka mtoto sawa mgongoni. Angejisimamia mwenyewe, angeonekana hana adabu.

Alhamisi ya pili alikuja tena mkekani kwangu, na mimi tena nikatazama vidole. Ya tatu alikaa mlangoni peke yake. Akina mama walimpita, "Mgeni, hujambo," naye akaitikia. Ya nne hakuja. Na hili pia nitakwambia: nilifurahi.

Kesho yake mchana fundi cherehani alifika kwa bibi, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Karibu wiki nzima alikuwa Mwanza kutafuta nyuzi, alikuwa amerudi asubuhi ileile. Akakataa kuketi.

"Shikamoo, mama. Mwenzenu amefiwa na mtoto."

Bibi akaacha kupeta. "Mwenzetu yupi?"

"Yule wa chumba changu. Anayesali hapa kwenu."

"Kwetu hakuna mtu anayekaa kwako, baba."

Fundi alimtazama bibi, akaitazama mikeka iliyoegeshwa ukutani. "Basi mimi sijui ninyi mnajuanaje," akasema. "Lakini sanda nimeshaikata."

Ilikuwa surua. Siku nne yule mama alikuwa ndani na mtoto anayeungua, hamjui mtu hata wa kumwomba baiskeli. Wakubwa walisema hata angefika hospitali yangekuwa yaleyale, dawa hazikuwepo, wengi walirudishwa. Huenda. Nimejaribu kuliamini hilo kwa miaka mitano.

Wanaume wa jumuiya walichimba kaburi jioni ile, na fundi akashika jembe pamoja nao. Tuliporudi nilimwambia bibi yote, jikoni, nimegeukia ukuta. Nilitaka anipige. Aliniuliza tu yule mama alisema anaweza nini. Nikasema kufagia. Bibi akajifunga kanga, akanishika mkono mpaka kwenye kile chumba, akanisimamisha mbele ya waombolezaji. Hapo ndipo nilipotaja jina lake, anakokaa na anachoweza. Sauti ilitoka kama ya mbuzi kweli. Hakuna aliyecheka. Mama mwenyewe hakuinua uso.

"Jumamosi ni yako, mwanangu," bibi akamwambia.

Jumamosi alifika kabla ya jua. Alifagia mpaka nyuma ya altare, akatoka akafagia uwanja, akafagia na njia hadi barabarani, kama mtu asiyejua aishie wapi. Jumamosi iliyofuata hakutokea. Jioni ileile bibi alinituma nikapige hodi. Chumba kilikuwa kitupu. Fundi alisema ameondoka na lori la mahindi, hakuaga anakokwenda.

Zamu yake niliifanya mimi mpaka nilipokwenda sekondari. Bibi alikufa nikiwa Form Two, na zamu zote zilizokuwa kichwani mwake zikaenda naye. Sasa kanisa limewekwa sakafu ya sementi na kuna mtu wa kulipwa anayeipiga deki kwa sabuni ya dukani. Inang'aa, hilo siwezi kukataa. Watu ni wengi, wanapendeza, na wanatoka haraka. Jumapili hii hakuna aliyeuliza kama kuna mgeni. Nilikaa benchi la nyuma, sikuongea na mtu, nikarudi nyumbani. Jumapili ijayo nikikosa, hakuna atakayekuja kupiga hodi.