Kibati cha Ndege ya Bi Somoe

Kasiani Leodegar hakuipa ndege jina kabla kibati chake cha namba hakijasomwa, na kibati kilisomwa pale pale kilipopigiliwa. Kanuni hiyo aliifundisha miaka yote aliyokuwa mwalimu wa mafundi wa ndege, na alipostaafu alihamia nayo Chanika, kwenye nyumba ambayo sebule yake ilikuwa na picha nyingi za ndege za zamani kuliko za wanawe. Wenzake wa kundi la wapenda ndege za kale walimwita Mwalimu Handibreki, kwa jinsi alivyowazuia kukimbilia majibu. Aliwaacha waite.

Mwaka jana Farhan, mzamiaji wa Mtoni, alikuwa anatafuta majongoo bahari kusini ya Kigamboni akakutana na mabaki ya ndege. Alipiga picha. Kasiani alizitazama: injini mbili, bawa limekaa juu ya mgongo, tumbo kama la mashua.

"Ni ya Vita vya Pili," alisema. "Ile ya kutua majini. Ila ni ipi, sijui."

Namba za injini zilikuwa zimeliwa na kutu. Kilibaki kibati kimoja cha aluminiamu karibu na kiti cha rubani, kimefunikwa na matumbawe. Chini ya matumbawe yale ndipo palipokuwa na namba.

Namba ile ilikuwa na mwenyewe. Bi Somoe wa Mtoni alikuwa bado tumboni wakati baba yake, Abdulrahman, mpakiaji mizigo wa ndege za majini, alipopanda mojawapo asirudi. Mama yake alikataa katakata hitima isisomwe. Kumsomea mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa, alisema, ni kumuua kwa mkono wako. Alikufa na msimamo huo, akamwachia binti yake. Kasiani alishaipata kwenye kumbukumbu za vita namba ya ndege iliyompoteza Abdulrahman. Kazi iliyobaki ilikuwa kulinganisha.

"Lini, mwanangu?" Bi Somoe aliuliza.

"Maji yakisafika, mama. Farhan atashuka na mswaki, atasugua polepole. Kibati hakitoki pale."

"Haya. Mie sina haraka, alimradi nikijua."

Mwenye haraka alikuwa Brightson, mwenyekiti wa kundi. Alishawatangazia watu maonyesho, na maonyesho yalitaka kitu cha kuonyesha. Akamtafuta mzamiaji mwingine, kibati kikang'olewa kwa tindo. Kisha akampigia Kasiani simu aje kwake Kinondoni, kuna sapraizi.

Kasiani alikuta watu uani wanacheka, simu juu, wanarekodi. Katikati yao beseni la plastiki lilikuwa linatoka povu.

"Mmetia nini humo?"

"Asidi, mwalimu. Ile ya kusafishia choo. Matumbawe yote yanayeyuka, cheki!"

"Handibreki leo tumeiachia!" mmoja alidakia, wakaangua kicheko.

"Toa! Hiyo ni aluminiamu, inaliwa! Toa upesi!"

Hakuna aliyetoa. Kasiani alilipiga beseni teke, likapinduka. Kibati kililala kwenye sakafu, chembamba kama ganda la kitunguu, kimetoboka matundu. Palipokuwa na namba palikuwa laini, pametakata.

"Tulia basi, mzee," Brightson alisema. "Bahati mbaya tu. Si tunajua ni yenyewe? Tutaandika hivyo hivyo."

"Unajua nini wewe? Umeling'oa jina la marehemu kaburini, ukaliosha kwa dawa ya choo, halafu unaniambia nitulie?"

"Kwani si bati tu, mzee wangu?"

"Angekuwa baba yako humo, lingekuwa bati tu?"

Simu zilishuka moja moja. Lakini jioni picha ya kibati ilikuwa mtandaoni, ndege imepewa jina na namba, na watu wanapongezana. Huo ndio mwenendo ambao siku hizi unaitwa mapenzi ya historia. Mtu anaipenda ndege iliyozama kama anavyolipenda shati jipya: apigwe picha nalo. Waliokufa ndani wanamwekea mandhari nzuri. Kasiani alijitoa kwenye kundi bila kuaga, na hakuna sababu ya kumlaumu.

Kesho yake alikwenda Mtoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule kijana wako, mwenyekiti, kanipigia jana. Kasema ndiyo yenyewe."

"Yule hajui."

"Hata mie najua hajui. Ndiyo maana nakuuliza wewe." Bi Somoe alimtazama usoni. "Moyo wako unasemaje?"

"Moyo unasema ndiyo."

"Basi sema ndiyo, nimwite sheikh."

Hasira aliyokuja nayo Kasiani kutoka Kinondoni haikuwa na mtu wa kumtolea hapa.

"Ndege za aina ile zilizopotea pwani hii ni mbili," alisema. "Nikisema ndiyo, nimekisia. Utamsomea baba yako hitima juu ya kisio langu."

"Kwa hiyo husemi?"

"Sisemi, mama."

Bi Somoe alijifunika kanga vizuri, akamkaribisha chai. Hakulitaja tena jambo lile.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Hitima yake ilisomwa Mtoni, na Kasiani alikaa nyuma, kwenye mkeka, pamoja na majirani. Ya Abdulrahman haikusomwa.