Masomo ya Asubuhi na Ndege wa Mtama

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na si kwa sababu ilikuwa nzuri. Ndege walikula mtama wetu. Ukimwambia mtu wa mjini jambo hilo atakuuliza, basi? Lakini wewe ni mtu wa shamba, utanielewa. Keti. Acha kuangalia mlango, hakuna anayekuita. Nimesikia kwamba unawafundisha watoto wako nyumbani kwa sababu shule iko mbali, na nimesikia pia kwamba unajisifu kidogo. Usikatae, nami nilijisifu.

Nilizaliwa Mushaki, na nilisoma miaka minne kwa masista wa misioni. Siku zile, wakati wa Wabelgiji, msichana mwenye miaka minne ya masomo alitembea kama barabara ni ya baba yake. Nikaolewa kijiji cha Kingi, na Zakaria. Alifanya kazi ya barabara: Jumatatu aliondoka jogoo hajawika, akarudi Jumamosi jioni na mavumbi mpaka ndani ya masikio. Mama yake, mjane, alikaa nyumba ya pili katika uwanja wetu. Watu walimwita Mama Zakaria, watoto wangu walimwita tate, kama watoto wa kwetu wanavyomwita mzazi wa wazazi wao.

Nilikuwa na watoto watatu. Sifa alikuwa na miaka tisa, Petro saba, na Neema alikuwa bado mgongoni. Misioni ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku, na kila masika mto ulichukua miti ya daraja. Masista walisema wangempokea Sifa alale kwao na aingie moja kwa moja kalasi ya tatu, ikiwa baada ya mavuno angeweza kusoma na kuandika mbele yao. Akishindwa, basi. Zakaria alikubali nimfundishe, lakini aliweka neno lake.

"Fundisha," aliniambia. "Lakini siku nitakuta sungu tupu sababu ya masomo yako, itaisha siku ile ile. Sifa atashika jembe sawa dada zangu."

Sungu ni chungu cha kupikia, mwanangu, usinicheke, ndivyo tulivyosema. Mlango wa Sifa ulikuwa huo mmoja, nami ndiye niliyeushika.

Siku yangu ilienda hivi. Jogoo akiwika napuliza makaa, naamsha watoto, tunasali. Sifa anaenda kuchota maji, Petro anafagia uwanja, naye alikuwa mtoto wa kufagia mahali pamoja mpaka panakuwa shimo. Tunakula viazi vya jana. Halafu napiga jembe kuukuu nililolitundika chini ya paa, ngo, ngo, ngo, kama kengele ya masista. Watoto wanakaa kwenye mkeka. Tablo yetu ilikuwa ubao niliousugua kwa majani ya muhogo na unga wa makaa mpaka ukawa mweusi, na chaki ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Mbuzi wa jirani alikula chaki yetu mara tatu. Kitabu kilikuwa kimoja, sista alinipa siku niliyoaga.

Wanasoma, mimi natwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nikisikia kosa nasimamisha mchi, na wao wakisikia mchi umesimama wanarudia neno. Neema akilia namnyonyesha huku namwandikisha Petro. Jua likifika katikati ya kichwa napiga jembe tena, tunakula, tunaenda shamba. Njiani nawauliza maswali. Jioni bugali, sala, kulala. Kesho vilevile. Wiki nzima sikuruhusu kitu kivunje saa zangu, hata mgeni alingoja uwanjani.

Basi, mtama ukaanza kukomaa.

Kwetu mashamba ya mtama yanashikana kwenye mteremko mmoja, kama vitambaa vilivyoshonwa pamoja. Kila nyumba ina ulingo wake, jukwaa la miti, na kila alfajiri mtoto wa nyumba ile anapanda juu na teo na mawe, mpaka umande ukauke na ndege wachoke. Ukiwafukuza kwako wanaruka kwa jirani, kwa hiyo unapiga kelele kumjulisha: "Wanashuka! Wanashuka kwenu!" Naye anawapokea kwa mawe, anawapeleka mbele, mpaka wanavuka kilima. Ulingo mmoja ukibaki tupu, ndege wanatua pale, wanakula kwa raha yao, kisha wanatoka hapo kuingia kwa majirani. Sheria hii haikuandikwa popote, lakini hata mlevi wa pombe ya kasiksi aliijua.

Mama mkwe wangu alikuja jioni moja, akasimama mlangoni.

"Mama Sifa, mutama inakomaa. Watoto watapanda ku ulingo lini?"

"Mama," nikamjibu, "watoto yangu iko na masomo. Kufukuza ndege ni kazi ya watoto wenye hawana kazi."

"Aya," akasema, akarudi kwake.

Kesho yake, giza halijatoka vizuri, nikamwona anapanda mteremko na teo begani. Mwanamke mzee vile! Nikasikia sauti yake juu: "Wanashuka! Wanashuka kwenu!" Na kesho yake tena. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ananiaibisha. Nilisema moyoni, anataka kilima chote kione kwamba mwanawe ameoa mvivu. Hapendi masomo, hapendi nijue kitu asichokijua yeye. Basi mimi nami nikapiga lile jembe kwa nguvu zaidi, lisikike mpaka kwake juu.

Chini ya shamba letu kulikuwa na shamba la mjane mmoja, Mama Furaha. Hakuwa na jingine. Tulikutana kwenye maji, akaniambia kwa upole, "Mama mukwe yako anakohoa, dada. Sauti inakatika. Utume hata Petro tu."

Nikamwambia kila mtu aangalie nyumba yake. Ndiyo, mimi huyu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi mama yangu alinifunza vizuri, basi sijui niseme nini.

Baada ya hapo ikaja ile asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana. Nilipotoka kupuliza makaa niliona mlango wa mama mkwe umefungwa, na moshi hautoki kwake. Niliona, mwanangu. Nataka ujue hilo, nisikudanganye kwamba sikuona. Nikajiambia, leo amechoka kidogo, siku moja haiui mtama. Nikapiga jembe.

Sifa alikaa kwenye mkeka lakini hakufungua kitabu.

"Mama, tate hakuenda ku shamba. Niende?"

"Kaa. Soma."

Akasoma. Na siku ile alisoma kama maji yanayoshuka, ukurasa mzima bila kosa hata moja. Miezi yote nilikuwa nangoja kusikia kusoma kule. Katikati ya ukurasa nikasikia kelele kwenye mteremko: "Kwa Mama Sifa! Kwa Mama Sifa!" Sifa akainua kichwa.

"Endelea," nikasema.

Alipomaliza ukurasa ndipo niliposimama. Tulikimbia, lakini tulikuta mabua matupu. Ndege walikuwa wamemaliza kwetu na kuingia kwa Mama Furaha, na watoto wake wawili wadogo walikuwa wanatupa mawe huku wanalia, mikono yao midogo haifiki popote. Mama Furaha alikaa kwenye tuta, mikono kichwani. Hakunitukana. Angenitukana ningepata la kumjibu.

Niliporudi niliingia kwa mama mkwe. Alikuwa amelala karibu na majivu ya jana, anatetemeka kwa homa, na koo halitoi sauti. Niliwasha moto, nikampa maji ya moto, nikamfunika.

Zakaria alisikia habari njiani kabla hajafika nyumbani. Mabaya hayahitaji mjumbe. Jumapili baada ya sala wazee wa kilima walikaa uwanjani kwetu, na Mama Furaha naye. Mume wangu hakupaza sauti. Aliingia ndani, akatoka na kitabu na ule ubao, akaviweka chini mbele ya watu.

"Imekwisha," akasema. "Sifa, kesho unashika jembe."

Sifa hakulia. Alinigeukia tu, akanitazama, akingoja niseme neno. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maisha yangu yote, nikatamani ardhi ipasuke.

Ndipo mlango wa nyumba ya pili ulipofunguka. Mama mkwe wangu akatoka, amejifunga blanketi, amemshika Petro bega. Sauti yake ilikuwa kama majani makavu, watu wakainama kumsikia.

"Zakaria, rudisha kitabu ndani. Kitabu haikukula mutama."

"Mama, nilisema..."

"Ulisema. Na mimi nasema. Mutoto hakukosa, na kitabu hakikukosa. Muntu ndiye alikosa." Halafu akanigeukia. "Weye, muke ya mwana yangu. Ulizani nilikuwa napanda kule sababu ya mutama? Mutama nimekula miaka mingi, sasa hata meno ya kuitafuna haiko. Nilipanda ili Sifa asome. Nilikuwa nasikia ile jembe yako huko juu, nasema, vizuri, wameanza, mimi nishike ndege. Siku nilishindwa kuamuka nililala pale nangoja. Nilisema, ataona mulango, atakuja kuniuliza mama, umeamukaje? Kiisha nikasikia jembe."

Kikohozi kilimchukua, Petro akamrudisha ndani.

Mwanangu, nilipiga magoti katika uwanja ule, nikaomba msamaha kwa Mama Furaha na kwa wazee, na baadaye peke yangu kwa mama mkwe. Nilikuwa nimemwona adui wa masomo yangu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa nguzo yake. Kama si miguu ile ya mzee kupanda mteremko, kengele yangu ingekuwa kelele tu. Wazee walisema Mama Furaha achimbe muhogo wetu na agawane maharagi yetu mpaka mavuno mengine, na mimi nilime naye shamba lake. Nililima. Siku za kwanza tulilima kimya, baadaye tukazoeana, na mwisho alikuwa ananichokoza: "Mwalimu, hii tuta yako imepinda, rudia."

Na masomo? Zakaria aliokota kitabu, akanipa. Tulihamia ulingoni, kulinda masuke machache yaliyobaki kwetu na kusaidia shamba la Mama Furaha. Sifa aliweka ubao magotini, Petro alishika teo. Mstari mmoja, ndege. Mstari mmoja, ndege. Mambo yalienda polepole mpaka nilitaka kulia. Lakini Sifa alijifunza kusoma kelele zikiwepo, na siku alipopelekwa mbele ya masista, milango ikigongwa na watoto wakicheka nje, hakupoteza neno hata moja. Walimpokea.

Mama mkwe wangu alipona homa, sauti haikurudi. Alikuwa anakaa mlangoni na kupiga makofi akitaka kitu. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimfulia. Nilijiambia kwamba Noeli Sifa atarudi kutoka misioni, tutasimama wawili mbele yake tumwambie asante kama inavyotakiwa, mtoto akiwa na nguo yake ya masomo. Nilipanga hata mboga. Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya, na mzee alituacha wiki mbili kabla ya Noeli. Msamaha niliuomba mbele ya watu wengi. Asante ilibaki mdomoni mwangu, na iko humo mpaka leo.

Sasa sikia shauri langu, kisha uende, maana najua umeacha watoto peke yao. Fundisha watoto wako, wala usimwogope anayekucheka. Lakini mkono mmoja haulei mwana. Kila saa unayokaa nao kwenye mkeka, kuna mtu anabeba kazi uliyoiacha: anachota maji yako, anachunga mbuzi wako, anapanda ulingo wako. Mtafute umjue. Usimpimie moyo wake kwa kiburi chako. Asubuhi ukiona mlango wake umefungwa, acha kitabu, nenda ubishe, na watoto wakuone unaenda, kwa sababu hilo nalo ni somo. Na ukiwa na asante, usiitunze kwa ajili ya sikukuu. Sema leo, hata kama amekununia.

Kwako mtu huyo ni nani? Usinijibu mimi.

Nenda salama. Mungu akupe watoto wanaosoma na mashamba yanayozaa, azidishe miaka ya huyo anayekubebea, na akufikishe mlangoni kwake leo kabla jua halijatua.