Utumishi Wangu kwa Bromelia ya Shosho

Nilianza kazi siku ya pili ya likizo ya Agosti, kabla ya chai, bila barua wala mahojiano. Shosho, nyanya yangu, aliingia chumbani, akanivua blanketi na kusema, "Njoki, wewe hushinda ukibonyeza simu. Leo utabonyeza kitu cha maana." Akanipeleka sebuleni kwake, hapo mtaa wa Section 58, Nakuru, akanionyesha chungu kilichokaa kwa meza ya kona. Ndivyo nilivyoingia katika taaluma ya kutunza bromelia, niliyoitumikia kwa uaminifu hadi nikastaafu nikiwa kidato cha tatu.

Kwa vijana ambao hamjaiona, bromelia ni ndugu ya nanasi. Majani yake marefu hujipanga kuzunguka katikati mpaka yanatengeneza kikombe, na kwa hicho kikombe ndiko mmea hunywea. Aliyenitangulia kazini, Auntie Pauline, kitinda mimba wa Shosho, alikuwa akimwaga maji kwa udongo kama mtu anayenywesha sukuma wiki shambani. Mizizi ilikuwa imeanza kuoza. Nilimweleza nilivyosoma kwa ile simu iliyotukanwa, kwamba mizizi ya bromelia kazi yake kubwa ni kushikilia tu.

"Kwa hivyo nimekuwa nikiinywesha kwa miguu?" akauliza.

"Ndiyo, Auntie."

Alihamishiwa idara ya kuku siku hiyo hiyo.

Mkuu wangu alikuwa Shosho, ambaye kikazi nilimwita Mkurugenzi. Alikuwa mkali lakini mwenye haki, na alikuwa na shida moja. Aliyemletea huo mmea kutoka Subukia alimwambia utatoa ua jekundu, naye bila kungoja akawatangazia akina mama wa kanisa. Ua likakataa kutoka mwaka baada ya mwaka. Mama Shemasi, anayeketi naye benchi moja, kila Jumapili alimuuliza, "Mama Pauline, hiyo nanasi imeiva? Tulete visu?" Na Desemba ilikuwa zamu ya Shosho kuwakaribisha akina mama hao nyumbani.

"Kama haitakuwa na ua hiyo siku," Mkurugenzi aliniambia, "mimi nitakuwa mgonjwa." Na huyu ni mtu aliyewahi kuenda kwa hao akina mama akiwa na malaria.

Nikaanza na maji. Ya bomba huku Nakuru yana chumvi yake, angalia tu ule ugaga mweupe ndani ya birika, na kwa bromelia huziba majani. Nilikinga ya mvua. Kila wiki nilimwaga ya zamani kutoka kikombeni na kutia mengine, la sivyo mbu wangezaana humo na sisi ndio tungeliwa. Kisha nikapata uhamisho wangu wa kwanza, mimi na chungu, kutoka kona yenye giza hadi dirisha la jikoni, ambako kuna mwanga bila jua kali, na mvuke wa sufuria haukosi.

Kazi kubwa ilikuwa kuuamsha mmea. Tunda linaloiva hutoa hewa fulani, na bromelia iliyokomaa ikiivuta hiyo hewa hujua wakati wa kutoa ua umefika. Unaifunika kwa plastiki pamoja na tofaa lililoiva, unaiacha kama wiki moja. Tofaa nilipata. Plastiki ndiyo ilikuwa kesi, maana mifuko ilipigwa marufuku, na plastiki kubwa pekee kwa hiyo nyumba ilikuwa ile iliyofunika godoro la wageni tangu linunuliwe. Kwa Shosho, kuvua godoro plastiki ni kama kumvua mgeni nguo.

Shosho alilizunguka godoro mara mbili. Mwishowe akasema, "Kata upande wa ukutani."

Shule ilifunguliwa kabla sijaona matunda ya kazi yangu. Muhula ukiwa katikati, matroni aliniita ofisini na sura ya msiba, akanipa simu iliyopigwa kutoka nyumbani. Nikajua nimefiwa. Ilikuwa Mkurugenzi. "Imekuwa nyekundu katikati," akanong'ona, kama mtu aliyeficha mali. Nilitoka hapo nikilia kidogo, nikapewa ruhusa ya kukosa prepu, masomo ya jioni.

Desemba akina mama walifika. Ua lilikuwa limesimama juu ya majani, jekundu, linang'aa kama limepakwa mafuta ya mgando. Mama Shemasi aliliangalia, akaliangalia tena, akageukia wenzake.

"Hii ni ya plastiki. Ziko nyingi huko sokoni."

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakaangalia chai yao. Shosho alishika kiti. Hakuwa amejipanga kwa hilo. Alikuwa amejipanga kwa ua kukosa, si kwa ua kuwa zuri kupita kiasi.

Nikageuza chungu polepole. Kwa upande wa nyuma, shinani, kulikuwa na mche mdogo umeegemea mama yake.

"Mama Shemasi," nikasema, "ya plastiki haizai."

Akainama. Akaugusa huo mche kwa kidole, akaupapasa, akanusa kidole. Kisha akanyoosha mkono kuung'oa. "Basi huyu ni wangu."

"Bado ananyonya, Mama. Akifika theluthi ya mamake ndio anaachishwa."

Aliyecheka zaidi ni Shosho. Alicheka mpaka akajifuta macho na leso, na Mama Shemasi naye, baada ya kujikaza kiasi, akashindwa.

Aprili nilikata mche kwa kisu safi nikampelekea Mama Shemasi, kisha nikastaafu, kwa sababu mitihani haifunikwi na tofaa. Sasa Mama Shemasi hupita kwetu kila Jumamosi kuuliza habari za kikombe na mvua, na haulizi tena habari za visu.

Bromelia hutoa ua mara moja, halafu mama huanza kunyauka akiacha watoto. Likizo hii nilimkuta amekauka nusu, na kama mtaalamu mstaafu nikashauri tumng'oe, tuachie nafasi wale wadogo wengine waliochipuka.

"Jing'oe wewe kwanza," Shosho akasema, akimimina maji ya mvua kwenye kikombe ambacho hakinywi tena. "Huyu alinitetea mbele ya watu. Mwache azeekee kwake."