Moto Uliokausha Mihogo ya Emuobo

Emuobo alikulia kwenye joto la moto wa gesi. Kampuni ya mafuta iliuwasha kuchomea gesi ya visima vyake nyuma ya kijiji chao kabla hajazaliwa, na haukuwahi kuzimwa. Mama yake alianika mihogo pale, naye akaanika, na bintiye Onome akafuata. Muhogo uliokauka kwa jua siku nzima, pale ulikauka kabla ya chakula cha mchana, na wachuuzi wa mji wa Warri waliugombania.

Ila mihogo yenyewe siku hizi waliinunua mbali. Ya kwao ilitoka ardhini myembamba kama vidole, na mvua ilitoboa mabati ya nyumba kama kutu iliyopewa meno.

Onome alipata mimba, akaendelea kuanika huku akikohoa. Mtoto alizaliwa amekufa. Daktari wa Warri akamwambia Emuobo waziwazi, "Huyu msichana asirudi kwenye ule moshi." Emuobo alimwacha binti yake mjini, akarudi peke yake, akakusanya machanja yake ya kuanikia, akayavunja kuwa kuni.

Kisha akawaendea wanawake wenzake. Alitaka wakae barabarani mbele ya geti la kampuni mpaka moto uzimwe. Wa kwanza kumkatalia alikuwa Mitaire, aliyeanika naye tangu utotoni.

"Ukiuzima, mimi nitakausha na nini? Na pumzi zako?"

"Pumzi zenyewe unazo? Juzi ulipanda ngazi ya kanisa ukashika ukuta."

"Mama Onome, umefiwa, nakuhurumia. Lakini usitufilisi sote kwa msiba wako."

"Huruma yako kaanike."

Waliomfuata hawakujaza hata turubai moja la kukalia. Walikaa getini, malori yakasimama. Afisa wa kampuni akaja na magunia ya mchele, akatabasamu.

"Mama zangu, tuongee tukiwa tumeshiba."

"Sisi si mama zako," Emuobo akamjibu. "Mama yako analala wapi? Mpeleke akalale karibu na huu moto, kisha ndiyo uje tuongee."

Askari waliwasukuma, nao wakarudi tena getini. Lakini lililomuuma zaidi lilitoka kijijini. Asubuhi moja waanikaji walikuja na mabeseni ya majivu, Mitaire akiwa mbele, wakawamwagia kichwani. Emuobo alimkamata kilemba, wakaangushana matopeni mpaka askari, wakicheka, wakawaachanisha. Tangu siku hiyo hakuna mwanikaji aliyemsalimu. Sokoni walimgeuzia mgongo. Mtu alipaka kinyesi mlangoni kwake. Akakiosha, akaenda getini.

Kampuni ilichoka malori yake kulala njiani. Ikaleta mabomba ya kuipeleka gesi kwingine, na alasiri moja ule moto ukashuka, ukakohoa, ukazimika. Wanawake wa getini waliimba. Waanikaji walisimama kando ya machanja yao, wakamtemea Emuobo mate alipopita.

Masika yakaja. Jua likapotea, mihogo ikaota ukungu. Mitaire alikuja mpaka uani kwa Emuobo na beseni la mihogo iliyooza, akalimwaga miguuni pake mbele ya majirani.

"Kula. Si ulitaka tufe njaa? Mchawi wewe. Mtoto wako kazaa mfu, ukaona na sisi tusile."

Onome, aliyerudi kijijini moto ulipozimika, alinyanyuka, mama yake akamvuta gauni akae. Emuobo aliendelea kumenya mihogo ya chakula.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi yaliyobaki yaweke. Kesho tunarudi getini kudai tanuri za kukaushia. Walituchomea mashamba miaka yote hiyo, hawaondoki na mabomba yao hivihivi. Njoo unitukanie huko, na wao wasikie."

"Na wewe? Nikae na wewe turubai moja? Siji."

"Usije."

Asubuhi Mitaire alikuja na waanikaji wenzake, kila mmoja na kigoda chake. Hakumsalimu mtu. Alikaa upande wa pili wa barabara, akampa Emuobo mgongo, na lori la kwanza lilipopiga honi, hakusogea.