Fataki za Reli, Karibu na Itigi

Enzi za Mwingereza, mume wangu alikuwa nyapara wa gangi, kundi la vibarua wa kutengeneza reli, kati ya Manyoni na Itigi. Mimi, niliyekulia Ihanja kwenye mashamba ya uwele, nikajikuta naishi kambini kando ya reli, sanduku la hatari likiwa chini ya kitanda chetu. Ndani mlikuwa na bendera nyekundu, taa ya kioo chekundu, na fataki: vibati bapa kama kopo la dawa ya viatu, vyenye mikia laini ya kukunjia relini. Gurudumu likikikanyaga kibati, kinalipuka, na dereva anajua mbele kuna hatari.

Kila mwezi mume wangu alisafisha taa, akakata utambi, kisha akapatana na dereva wa treni ya mizigo ili wajaribu fataki moja. Mwezi mmoja haikulia. Wakajaribu nyingine, kimya. Zilikuwa zimeingiwa na unyevu. Mume wangu hakula vizuri mpaka zilipoletwa mpya. Ya kwanza kujaribiwa ililia kwa kishindo, kuku wangu wakatawanyika, naye akacheka peke yake kama mtoto. Jioni hiyo akanifundisha kuzifunga.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza.

"Siku nikiwa mbali, je?"

Mvua kubwa zilipofika, alasiri moja gangi ilikuwa imekwenda na toroli lao la relini upande wa Itigi. Jirani yangu akaja mbio, amelowa chapachapa.

"Dada, maji yamebeba tuta la reli, hapo upande wa Itigi! Reli inaning'inia!"

Treni ya abiria ilikuwa inakuja kutoka Manyoni. Nikavuta sanduku. Taa ilizimika nilipotoka tu mlangoni, na kwa mvua ile bendera isingeonekana. Nikabeba fataki, nikakimbia upande wa Manyoni kuilaki treni, nguo zikining'ang'ania miguuni. Nikafunga tatu relini, kwa kuachanisha. Kisha nikakaa pembeni kwenye matope.

Ikalia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Halafu nikasikia breki zikilia kwa muda mrefu, nami nikalia pamoja nazo.

Dereva, Singasinga mwenye ndevu nyeupe, alishuka akatembea mpaka pale tuta lilipokatika. Aliporudi, alivua kilemba kilicholowa akakikamua. Kisha akaniuliza, "Mama, wewe ndiye umefunga?"

"Ni mimi."

"Kaa ndani ya injini, upate moto."

Mume wangu alirudi kwa miguu, kwa sababu toroli lisingeweza kupita pale tuta lilipokatika. Alipoiona treni imesimama mahali pasipo stesheni, alianza kukimbia. Alinishika mabega akanitazama kuanzia kichwani.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Hakuna aliyeumia."

Akachuchumaa, akacheka huku machozi yakimtoka.

Abiria walijaa kambini. Mimi na jirani tukapika uji kwa masufuria yote tuliyokuwa nayo, watoto wa watu wakalala kwenye kitanda changu wamepangana kama kuni. Nilikosa pa kulala, na nilifurahi.