Pikapu Iliyomchukia Mzee Rahimu

Pikapu ya Uweso wa Nguvumali ilikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni jirani yake, Mzee Rahimu. Wallahi sitii chumvi. Kila alasiri Uweso akirudi sokoni na matenga yake matupu ya machungwa, ikifika kwenye tuta mbele ya nyumba ya Rahimu, ilivuta kushoto hadi barazani kwake. Mara ya kwanza ilivunja mtungi wa maji. Mara ya pili ilikanyaga kandambili za Rahimu, mwenyewe kishatimka peku. Mara ya tatu ilimega kona ya baraza, na urafiki wao wa tangu madrasa ukafia hapo hapo.

"Unaniwinda!" Rahimu alifoka.

"Wewe ndiye unayeivuta kwa jicho lako la husuda!" Uweso akamjibu. "Mbona kwingine kote haivuti?"

Kwingine kote, jamani, Uweso hakufunga breki! Kuna wachoyo wa pesa na wachoyo wa chakula. Huyu alikuwa mchoyo wa breki. Aliamini breki huisha kama sabuni, basi akapunguza mwendo kwa gia, kwa honi na kwa kuwapigia watu kelele. Tuta la Rahimu tu ndilo lililomlazimisha kukanyaga, maana lilikuwa refu kama kaburi.

Ungekuwa ugomvi wa wazee wawili, mtaa ungecheka yakaisha. Lakini Najat, binti wa Uweso, alikuwa ameposwa na Luqmani, mwana wa Rahimu, na posa ilikwishapokewa. Rahimu akaapa mwanawe haoi kwa mtu anayetaka kumuua. Uweso naye akaapa bintiye haendi kwa mchawi. Najat hakuapa kitu. Alimtengea baba yake chakula, akajifungia chumbani, na nyumba ikapoa hata wali ukakosa ladha. Uweso aliumia. Alimpenda yule mtoto kuliko pikapu, na kwa Uweso hilo si dogo.

Akaifukiza injini ubani. Akaning'iniza hirizi kwenye kioo. Gari likavuta vilevile. Ndipo akamkumbuka Hija, fundi magari, kijana wa Kipemba. Na mkumbuke hakumkumbuka kwa ufundi wake.

"Shikamoo, Mzee Uweso."

"Marahaba, mwanangu." Uweso akamsogelea, akanong'ona. "Mambo haya nyinyi wa Pemba mnayajua. Niagulie gari. Lina kitu, kikimwona Rahimu tu kinapanda."

Hija akaweka spana chini polepole, kama mtu anayejizuia. "Mzee wangu, kwetu sisi tunalima karafuu na mpunga. Mashetani sikufundishwa. Nimefundishwa breki. Lete gari."

Akaliinua mbele kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, akamwambia Uweso akanyage breki huku yeye akizungusha magurudumu kwa mkono. La kushoto likashika. La kulia likaendelea kuzunguka, halina habari. Hija akachungulia ule mpira mfupi unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo, akaugusa kwa kidole.

"Nani kaufunga waya huu?"

"Mimi," Uweso akasema kwa fahari. "Ulikuwa umepasuka, unatoka jasho. Nikauviringishia kipande cha tyubu, nikakaza na waya kwa koleo. Mpaka leo haujavuja!"

"Utavujaje, mzee, na wewe umeunyonga? Mafuta hayapiti. Breki ya kulia haishiki, ya kushoto inashika peke yake, lazima gari livute kushoto. Hata barazani kwa mama yako lingepanda."

Uweso akatafuta pa kukaa. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Hija akafungua mipira yote miwili ya mbele, maana hata wa kushoto, alipoukunja kwa vidole, ulionyesha nyufa. Akafunga mipya, akahakikisha haikujisokota, akazungusha usukani mwisho huku na mwisho huku kuona kama inagusa tairi. Kisha wakatoa upepo ulioingia kwenye breki, Uweso kwenye pedali, Hija chini.

"Kanyaga! Shikilia!"

"Bismillahi!"

"Bismillahi njema, mzee, ila usiachie mguu!"

Mapovu yakatoka, yakaisha, mafuta yakaja safi. Uweso akauchukua mpira ule wa kulia na waya wake, akaondoka.

Gari aliliacha mbali, akaja kwa miguu. Rahimu alikuwa barazani na kahawa yake.

"Leo limeshiba, halinitaki?"

"Sahibu," Uweso akasema, "mchawi nimemkamata. Ni mimi." Akampa ule mpira.

Rahimu akaupuliza. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, pumzi haikupita. Akautazama sana. "Na sasa?"

"Nimeweka mipya."

"Hayo ni maneno tu." Rahimu akahamia kona ile ile iliyomegwa. "Lilete. Mimi sihami."

Ehe! Mtaa mzima ukatoka nje. Uweso alirudi garini, akamwomba Mola asimfanye muuaji mbele ya bintiye. Akaja. Tuta likaja. Akakanyaga breki bila uchoyo.

Pikapu ikasimama imenyooka njiani, haikusogea kushoto hata kidogo. Rahimu alikuwa amefumba macho, kahawa yote imemmwagikia kanzuni, lakini hakuhama. Akafumbua jicho moja.

"Ndoa Ijumaa," alisema. "Na bi harusi atapanda hiyo hiyo."

Najat akapiga kigelegele yeye mwenyewe, jambo ambalo bi harusi hafanyi, na hakuna aliyemkanya. Uweso alilia waziwazi, usukani mikononi.

Rahimu akasogea dirishani, akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Jioni njoo na jembe, sahibu. Kuna hirizi nilikuzikia chini ya tuta. Tukifukue kabla watoto hawajapita."